Jumba Lisilo na Ukuta wa Mbele

Mwezi wa saba mwaka 1961, wakati Elisabethville ilipojifanya mji mkuu wa Katanga, nchi ambayo hakuna nchi nyingine duniani iliyoitambua, Zéphirin Tshibangu alipewa kazi ya kuchora jumba la ghorofa tisa lililokatwa wima kwa kisu, juu mpaka chini. Jumba lenyewe halikuwepo. Pale mahali pake palikuwa na majani na mbuzi wawili wa mlinzi. Lakini wakubwa walitaka wageni wa kutoka Ulaya wakifika wakute picha yake ukutani, ndefu kama mtu mzima, vyumba vyote wazi mpaka chini kabisa kwenye tanuru la maji ya moto, ili mgeni aseme moyoni mwake: kumbe hii ni nchi kweli.

"Ondoa uso wake," Msieu Colard alimwambia kwa Kifaransa. Colard ndiye aliyekuwa mwenye ofisi, msanifu wa majengo, Mbelgiji mfupi mwenye mashati yasiyokunjika. "Uso kila mtu anachora. Mgeni haamini uso. Akiona matumbo, anaamini."

Zéphirin hakuhitaji kufundishwa. Alikuwa na miaka kumi na mitatu ya kazi mbele ya meza ile. Alijua kwamba mchoro wa namna hiyo una ukatili wake. Kwanza unaamua kisu kipite wapi. Kila kilichoguswa na kisu, ukuta, sakafu, msingi, unakipaka wino mzito. Kilicho nyuma ya kisu unakichora kwa mstari mwembamba. Na kile kilicho mbele, milango, madirisha, baraza, nusu nzima ya nyumba, unakitupa. Hakichorwi hata kwa nukta. Anayeitazama picha haulizi kimekwenda wapi.

Mwenyewe alizaliwa papo hapo mjini, katika kambi ya wafanyakazi, ila baba yake alitoka Kasai. Baba huyo hakuja kuiba nchi ya mtu. Aliitwa. Alipakiwa kwenye gari la moshi pamoja na wenzake, akashushwa, akatazamwa meno, akapewa blanketi na koleo, kwa sababu wenye migodi walisema mikono ya Kasai ni mizuri. Ikapita miaka thelathini na tano. Sasa wenye migodi walewale walikaa nyuma ya mapazia yao wakinong'ona kwamba Mukasai ni mgeni, na kazi ya kuyapiga kelele maneno hayo barabarani wakawaachia vijana wa chama tawala, waliokuwa wakipita mtaa wa Katuba na minyororo ya baiskeli mikononi. Mwaka ule mtu aliulizwa kabila kabla ya kuulizwa jina. Wapo wanaotaka tusahau hilo. Wasahau wao.

Makarani wa Kikasai walikuwa wakifukuzwa ofisi baada ya ofisi. Zéphirin hakufukuzwa, kwa sababu ya lile jumba. Colard alimtafutia karatasi yenye muhuri wa serikali mpya, misalaba mitatu ya shaba, iliyosema kwamba mwenye kuibeba ni mtu wa lazima "hadi mwisho wa mchoro wa Jumba". Kwa karatasi ile askari wa kizuizi barabarani walimwacha apite. Kwa karatasi ile vijana walikuwa hawajaivunja nyumba yake. Lakini hayo yote yalikuwa madogo. Kubwa ni kwamba kwa karatasi ile hospitali ya mjini ilikubali kumwandika mke wake kitanda.

Ngalula alikuwa na mimba ya miezi saba. Mtoto wa kwanza alimfia tumboni. Wa pili, Lucien, alitolewa kwa kisu, na daktari aliyempasua alimwita Zéphirin pembeni akamwambia bila kupindisha: huyu mama hatazaa kwa njia ya kawaida tena. Akianza uchungu, aletwe mara moja. Asijaribiwe nyumbani.

Basi Zéphirin alifanya hesabu yake. Mchoro ule, kwa mkono wake, ulihitaji wiki tano. Mtoto alihitaji tisa. Akaamua kwamba mchoro hautamtangulia mtoto.

Alikuwa fundi mwepesi, na kujifanya mzito kulimchosha kuliko kazi yenyewe. Alichora ngazi asubuhi, akaifuta jioni. Aligundua kwamba bomba la ghorofa ya pili lingegongana na mhimili, akaomba siku mbili za kufikiri. Jioni akirudi Katuba, Ngalula alikuwa akimngoja mlangoni na maneno yake.

"Leo umefika ghorofa ngapi?"

"Ya tatu."

"Jana ulikuwa ya ine!"

"Nimeibomoa. Ngazi haikukaa muzuri."

Ngalula alicheka huku ameshika tumbo kwa mikono miwili. "Patron yako iko kipofu?"

"Patron anaona ile anataka kuona."

"Bon. Kesho bomoa tena. Miye na huyu wa ndani tutangoja."

Alipoona ngazi na mabomba hayatoshi, akaanza kuweka watu. Colard alifurahi. Jumba la serikali lisilo na watu, alisema, linafanana na jeneza. Watu wenyewe walikuwa na ukubwa wa punje ya mchele, na Zéphirin aliwachora mmoja mmoja kwa penseli ngumu, mchana kutwa kwa watu watano. Hakubuni nyuso. Alimweka mwalimu Paulin, jirani yake, katika ghorofa ya sita, kwenye meza ya waziri, siku ileile Paulin alipong'olewa mabati ya nyumba yake na kukimbilia penye askari wa ONU, wale wa Umoja wa Mataifa, akiwa na kiatu kimoja. Alimweka Albertine, mke wa Paulin, katika ghorofa ya saba, anafungua dirisha. Kila nyumba iliyohama Katuba, aliihamishia humo. Mwisho wa mwezi wa nane mtaa wake ulibaki na majivu na mbwa, na jumba la Colard lilikuwa limejaa Wakasai.

Hakuna aliyeliona hilo isipokuwa Mukuka.

Mukuka alikuwa mtu wa Luapula, mwenyeji wa Katanga, mwenye miaka arobaini na sita, mkubwa kwa Zéphirin kwa miaka mingi. Ujana wake aliuacha kwenye tanuru la kuyeyushia shaba, akatoka na makovu ya moto mpaka kwenye viwiko, halafu miaka kumi akawa tarishi wa ofisi ile, wa kuleta kahawa na kufungua milango. Siku moja Zéphirin alimkuta saa ya chakula amejiinamia juu ya karatasi iliyotupwa, anafuata mistari kwa kijiti kikavu. Tangu siku hiyo akamfundisha, miaka minne, kila mchana, wakila mihogo kwa mkono mmoja. Mukuka alimwita mwalimu. Zéphirin alimwita yaya, yaani kaka mkubwa, kwa sababu ya umri.

"Hii mikono ni ya kubeba ng'ombe, mwalimu," Mukuka alizoea kusema wino ukimdondoka. "Kalamu inaiogopa."

Wachoraji weusi wa mji ule walikuwa na desturi yao, ambayo wazungu wa ofisini hawakuijua. Waliiita kulipa penseli. Mwanafunzi, siku ambayo mwenyewe anajiona amekomaa, huchukua mchoro wa penseli wa mwalimu wake na kuupiga wino wote, mpaka mwisho, bila tone wala mkwaruzo, kisha humkabidhi akiwa amevaa vizuri, na chupa ya bia mkononi. Haombi ruhusa. Akiomba, imeharibika, maana yake bado anahitaji kushikwa mkono. Zéphirin alilipa penseli yake akiwa na miaka ishirini. Kwa Mukuka hakuwahi hata kuifikiria siku hiyo. Mikono ile? Alikuwa akimpa karatasi mbovu za kujifunzia, akizisahihisha, basi.

Mchana mmoja, wakiwa peke yao, Mukuka aliinama juu ya ghorofa ya saba akatabasamu. "Huyu njo Albertine. Hata kilemba chake." Kisha, kwa sauti ya chini: "Mwalimu, ile karatasi yako, iko na mwisho?"

Penseli ya Zéphirin ilisimama. Mukuka hakuwa mtu mbaya. Lakini mtoto wa dada yake Mukuka alikuwa katika vijana wa chama; Zéphirin alimwona kwa macho yake mawili, wiki mbili nyuma, anapita mbele ya nyumba ya Paulin na mnyororo begani. Neno likitoka hapa, litalala wapi? Mukasai anayechelewesha kazi ya serikali kwa makusudi, neno la namna hiyo lilitosha kumtoa mtu nyumbani.

"Mwisho wake ni muzuri, yaya," alisema. "Nikimaliza tu, patron atanipatia nyumba nyuma ya parcelle yake, kule kwa bazungu. Na karatasi ya kudumu. Hakuna muntu atanigusa tena."

"Kweli?"

"Aliniapia."

"Alors, unatembea mwendo wa konokono juu ya nini? Maliza, baba! Inje kule moto inawaka, na mama iko na tumbo!"

"Ni macho, yaya. Macho inaniuma sana."

Mukuka alimtazama macho yake, moja, halafu la pili, kama mtu anayetafuta mdudu aliyeingia.

Ijumaa ile, ya kwanza ya mwezi wa tisa, Zéphirin alifunika mchoro wake kwa kitambaa. Ghorofa nne za juu zilikuwa bado penseli tupu, na watu wote walikuwa bado hawajaguswa na wino. Alijipimia wiki tatu. Ngalula alibakiwa na mbili. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa saba, alilala usingizi wa kweli.

Jumatatu asubuhi alipofungua mlango wa ofisi, Msieu Colard alikuwa amesimama mbele ya meza yake na wageni wawili wenye kofia. Kitambaa kilikuwa sakafuni.

"Zéphirin!" Colard aligeuka na mikono wazi. "Mjanja wewe! Mimi niliwaambia mabwana hawa warudi mwisho wa mwezi!"

Jumba lilikuwa limekwisha. Ghorofa tisa, wino mweusi unang'aa, kuta nene, mistari myembamba nyuma, mabomba, ngazi, taa. Na watu wote, mmoja mmoja, hata kilemba cha Albertine. Mukuka alisimama kando ya dirisha katika suti yake ya kanisani, chupa ya bia ameishika kwa mikono miwili. Funguo za ofisi zilikuwa kwake, kwa kazi yake ya utarishi. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mgonjwa.

"Nimelipa penseli, mwalimu," alisema polepole. Kisha akashindwa kujizuia, akasogea, akaonyesha kwa kidole chumba kimoja cha ghorofa ya tisa ambacho Zéphirin alikuwa amekiacha tupu. Humo alikaa mtu wa punje ya mchele, mbele ya meza, na penseli. "Nimekutia weye mwenyewe. Haukujitia."

Zéphirin hakumwangalia. Aliiangalia picha. Alitafuta kosa. Alianza juu kulia akashuka, ghorofa kwa ghorofa, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mchanga, tone moja tu, mkwaruzo mmoja, kitu ambacho angeweza kukiita dosari akaomba wiki mbili za kurudia. Mikono ile ya tanuru ilikuwa imefanya kazi safi kuliko yake. Mwisho, ghorofa ya saba, penye mistari ya kujazia unene wa sakafu, akaona mahali ambapo nafasi imepanuka kwa unywele.

"Msieu, hapa pameharibika," alisema, na sauti yake ikatoka juu mno. "Mistari haiko sawa. Haifai kuonyeshwa. Lazima nianze upya."

Colard aliinama, akakaza macho, akainuka. "Nani ataona hiyo?" Wageni wakacheka kwa adabu.

Mukuka tu ndiye hakucheka. Chupa ilishuka mikononi mwake mpaka kwenye paja. Miaka minne, na mwalimu wake, mbele ya wazungu, anamwambia pameharibika. Zéphirin aliiona chupa ikishuka, akatamani ardhi imfunike, na bado aliendelea kuonyesha pale kwa kidole, "hapa, Msieu, na hapa," mpaka Colard akamshika kiwiko, akampeleka chumba cha pembeni.

Huko mambo yalikwisha upesi. Karatasi ilisema hadi mwisho wa mchoro. Mchoro umekwisha. Wizara haitatoa nyingine kwa mtu wa Kasai, Colard alikuwa amesumbuka sana kuipata ile ya kwanza, na yeye ni msanifu wa majengo, si serikali.

"Wiki mbili, Msieu. Mke wangu lazima apasuliwe. Kitanda kimeandikwa. Wiki mbili tu niwe hapa, hata kufagia."

Colard aliinua simu. Aliishika kwa muda karibu na sikio, anatazama dirishani. Kisha akairudisha mahali pake bila kuzungusha namba.

"Nisalimie Madame," alisema. Alionekana kuhuzunika kweli, na huzuni yake haikumzuia kuongeza kwamba kazi zinazofuata zitafanywa na yule mzee, Mukuka, ambaye mkono wake ni mzuri ajabu.

Mukuka alimngoja chini kwenye ngazi. Bia bado haijafunguliwa.

"Ile pa ghorofa ya saba," alianza, "nilikuwa nimechoka. Unisamehe."

"Ilikuwa muzuri, yaya. Yote ilikuwa muzuri."

"Na nyumba? Atakupatia lini?"

Hapo alikuwa na nafasi. Angeweza kusema. Lakini mtu huyu alikuwa amemtia katika chumba cha ghorofa ya tisa, na amevaa suti. "Kesho," Zéphirin akasema.

"Miye nitakuya kubeba godoro."

"Hapana, yaya. Gari itakuya."

Gari lilikuja kweli, lori jeupe la ONU. Jumatano, karani wa hospitali alikuwa ameomba karatasi yenye tarehe mpya, na alipoonyeshwa ile ya zamani alichukua rula, akapiga mstari juu ya jina la Ngalula, mstari ulionyooka sana. Usiku huo mawe yakapiga bati. Alhamisi walipanda lori wakiwa na godoro, sufuria mbili, na Lucien amelala begani.

Kambi ya wakimbizi ilikuwa uwanja wa majani kando ya mji, na maelfu kwa maelfu ya watu wamekaa juu yake chini ya matawi, magunia na makaratasi ya maboksi. Waliokuwa na nyumba za matofali na baiskeli na mashine za kushona, sasa waligombania kijiti cha kuegemeza gunia. Kila asubuhi walizika watoto upande wa mashariki. Kamisheni, mawaziri, mabalozi, wote walipita na magari, wakaandika, wakaondoka.

Mkunga wa sehemu yao aliitwa Constance, mwanamke mnene aliyewahi kufanya kazi ya usafi katika wodi ya wazazi na kujifunza kwa kutazama. Alimlaza Ngalula, akafunua tumbo, akaliona kovu. Mkono wake ukatulia juu ya kovu hilo.

"Huyu walimupasua."

"Ndiyo, mama," Zéphirin alisema.

"Miye niko na mikono mbili na wembe ya kukata kitovu. Ile wembe haiwezi kazi ya munganga." Alilifunika tumbo vizuri, kama anafunika chakula. "Muombe Mungu mutoto achelewe."

Mtoto hakuchelewa. Jumatatu iliyofuata, jua likiwa limetoka tu, Ngalula alimshika Zéphirin mkono akaubana mpaka mifupa ikagongana. Lori la ONU la wagonjwa lilikuwa limetoka alfajiri, litarudi jioni. Kati ya kambi na hospitali kulikuwa na vizuizi viwili, na Mukasai bila karatasi hakuvipita na roho yake.

Kiasi cha saa nne hivi mtu alikuja akikimbia kati ya magunia. "Nani hapa iko Zéphirin wa michoro? Pa barrière kuko muntu wa Katanga anataja jina lako. Kuya mbio, banataka kumumaliza!"

Langoni kulikuwa na kizuizi cha miti na kundi la vijana wa kambi. Nao walikuwa na minyororo ya baiskeli. Kazi waliyofanyiwa walikuwa wameijifunza yote. Mkubwa wao, Floribert, alikuwa karani wa stempu kabla mdogo wake hajachomewa ndani ya nyumba Katuba. Katikati yao alisimama Mukuka, damu inamtoka puani, ameng'ang'ania baiskeli. Juu ya karia alikuwa amefunga mto wa kitanda kwa kamba.

"Mwalimu!" alipiga kelele. "Nilienda kwa patron kukusalimia. Mupishi wake akanichekelea. Hakuna nyumba! Nimejua yote! Martine, mudogo wa muke wangu, anafua mashuka pa hospitali, amesema na munganga. Munganga amekubali, tumulete na jina la muke wangu, karatasi ya muke wangu hii hapa, lakini mbele ya saa sita, kisha anatoka kazini. Tumutie hapa juu, miye nitasukuma. Pa barrière banashikaga miye kama muntu wabo!"

Zéphirin alisukuma watu akafika kwake. "Mumuache! Namujua! Huyu ni yaya yangu, tunatumika naye kazi moja."

Floribert aligeuka polepole. "Munatumika? Tokea lini paka lini?"

"Paka..." Zéphirin aliona alipokanyaga, akachelewa kurudisha mguu. "Paka wiki ya jana."

"Wiki ya jana!" Floribert aliwageukia wenzake. "Siye tuko tunazika batoto hapa, na huyu alikuwa anatumika kule paka wiki ya jana! Nani alikulinda, baba? Ulibapatia nini?"

"Nilikuwa nachora tu. Muke wangu iko anakufa, mudogo wangu. Tafazali. Baiskeli tu."

"Ulikuwa unachora nini?"

Zéphirin alinyamaza. Na Mukuka, ambaye maisha yake yote hakujifunza kunyamaza penye haki ya rafiki yake, akajibu kwa niaba yake, kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Hana kosa! Ni miye niliimaliza ile picha! Jumba ya ba ministre, nilibapigia wino siku mbili, ili huyu apate nyumba!"

Hakuna aliyengoja neno lingine. Mnyororo wa kwanza ulimpiga Mukuka begani. Baiskeli ilinyanyuliwa juu ya vichwa ikapotea, mto ukapasuka, na Zéphirin alipojitupa katikati alipigwa kwa ngumi na watu aliowajua, watu wa Katuba, mmoja wao akimwita muuza bantu. Askari wa ONU, mtu mrefu mwekundu wa kofia ya bluu asiyejua hata salamu ya lugha yoyote iliyosemwa pale, aliingia na kitako cha bunduki, akamvuta Mukuka kwa ukosi, akamtupa upande wa pili wa miti.

Mukuka aliinuka kwa magoti. Mkono wa kulia ulikuwa umening'inia vibaya. Hakukimbia. Alisogea mpaka kwenye miti akamtafuta Zéphirin kwa macho.

"Kwa nini haukuniambia?"

Zéphirin alikuwa ameshikwa na wawili. Alitaka kusema mambo mengi. Likatoka lile la kweli: "Mutoto wa dada yako, yaya. Niliona mnyororo yake."

"Miye si mutoto wa dada yangu," Mukuka alisema.

Askari alimsukuma tena, na Mukuka akaelekea mjini akiwa ameshikilia mkono wake mmoja kwa mwingine, na watoto wa kambi wakimrushia mabonge ya udongo mpaka yakawa hayamfikii.

"Baiskeli," Zéphirin alimwambia Floribert. "Nipatie baiskeli peke, nitamusukuma mwenyewe."

"Utapita wapi na hiyo sura ya Kasai?" Floribert alisema. Hasira ilikuwa imemtoka; alionekana mtoto wa shule aliyechoka. "Utaenda paka pa barrière ya kwanza. Rudia kwa muke wako, baba. Baiskeli ni ya kambi."

Alirudi. Ngalula alikuwa amelala ubavu, gunia ameliuma kwa meno. Alimwona damu usoni, asiulize. Constance alikuwa amepiga magoti nyuma yake na mikono mitupu juu ya mapaja, na Lucien ametolewa nje, anacheza na kifuniko cha sufuria.

"Mutoto amesimama," Constance alisema. "Hashuki. Kule ndani kunavutika pale pa kovu. Naona damu." Kisha, kwa sababu lazima mwanamume apewe la kufanya: "Lete maji. Mingi."

Zéphirin alichukua sufuria zote mbili. Honi ya kiwanda kule mjini ililia saa sita alipofika kwenye bomba. Bomba lilikuwa moja kwa upande ule wote wa kambi, na mbele yake kulikuwa na watu zaidi ya mia wameketi juu ya ndoo zao juani. Akajaribu kupita pembeni.

"We, baba! Unaenda wapi?"

"Muke wangu anazaa."

Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni hakugeuka hata kumtazama. "Kila muntu hapa iko na muke," alisema. "Ingia mustari."

Akaingia mstari.